Niliyemsomea

Ukinikuta mjini Mpanda ukaniita kwa jina, nitaitika haraka, tena kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika. Jina lenyewe si langu. Nimeliitikia kwa zaidi ya miaka ishirini. Liko kwenye vyeti vyangu, kwenye barua yangu ya ajira na kwenye ratiba ya vipindi iliyobandikwa ofisini. Sitalitaja hapa, na la kuzaliwa pia sitalitaja. Si polisi tu ninaowaogopa. Jina la mtu ukilitaja unamwita, na mimi nimeshamwona mwenye jina akija.

Nilifeli darasa la saba, na nilifeli bila kisingizio. Nyumbani kwetu kulikuwa na meza ya kusomea, taa iliyowaka mpaka niamue kuizima, chai ya maziwa asubuhi, na mwalimu wa tuisheni aliyekuja Jumanne na Alhamisi kunywa chai hiyo hiyo na kuniambia ninaendelea vizuri. Baba alikuwa karani wa mizani ya tumbaku, na huku kwetu, msimu wa masoko ukifika, karani wa mizani anasalimiwa kuliko mkuu wa wilaya. Matokeo yalipobandikwa nilisoma orodha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Baba hakunigombeza. Alisimama kando yangu akasoma orodha za shule nyingine, shule za vijijini, kidole kikishuka polepole kwenye majina, namna alivyokuwa akikagua majani mezani kabla ya kuyapangia daraja. Wakati ule sikujua anatafuta nini.

Miaka ile, kabla ya namba na picha za kwenye kompyuta, jambo hilo lilikuwa la kawaida na lilikuwa na jina lake: kusoma kwa jina. Mtoto aliyechaguliwa kwenda kidato cha kwanza akishindwa kuripoti, kwa kuwa hana sare, hana godoro, au hana wa kumwachia kazi za shamba, nafasi yake haikukaa wazi. Aliingia mtoto mwingine, akachukua jina la yule na kuendelea nalo. Watu wazima waliliongelea waziwazi kama wanavyoongelea kuazimana sufuria za harusi. Kila mtu alijua mtoto wa nani anasoma kwa jina la nani. Waliotoa majina walikuwa watoto wa vijijini, waliopokea walikuwa watoto wa mjini, na sikumbuki hata mara moja mambo kwenda kinyume chake.

Tulikwenda Katumba kwa lori la tumbaku, mimi nimekaa kati ya baba na dereva. Watu wa kule wengi ni wakulima waliotoka Burundi, wao au wazazi wao, na wakati ule walikuwa bado hawajui kama watafanywa raia au watarudishwa. Karatasi yoyote yenye muhuri iliwanyima raha. Nyumba tuliyosimama ilikuwa na bani ubavuni, yaani lile jengo refu la udongo linalokaushiwa tumbaku kwa moto, na moshi wake ulikuwa umelala chini kwa sababu ya mvua ya asubuhi. Nilibaki kwenye lori. Dirisha lilikuwa wazi, nikasikia kila kitu.

"Mzee," baba alisema, "binti yako amefaulu, lakini najua hali. Sare, godoro, nauli, hamtaweza. Binti yangu atamsomea."

Kiswahili cha mzee kilikuwa cha kujifunza ukubwani, kinakuja neno moja baada ya jingine. "Atamsomea miaka mingapi?"

"Minne."

"Na cheti kitatoka kwa jina la nani?"

"La binti yako, mzee. La nani tena?"

Yule mzee alicheka kwa furaha, akaushika mkono wa baba kwa mikono yake miwili. Aliingia ndani akatoka na barua ya kuchaguliwa, imekunjwa vizuri ndani ya nailoni. Mimi nikageuza uso upande wa bani. Mlangoni alikuwa amesimama msichana wa umri wangu, mikono ameitenga na gauni lake ili ulimbo mweusi wa tumbaku usimchafue, ananitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anavyomtazama fundi cherehani aliyemwachia kitambaa chake kizuri, akijiuliza kama atakishona vizuri. Kisha akaingia kwenye lile joto na kuvuta mlango.

Shuleni, miezi ya kwanza, nilikuwa nachelewa kuitika jina likiitwa. Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nangoja, kwa adabu tu, mwenyewe aitike kwanza. Walimu wakadhani nina tatizo la masikio, wakanihamishia dawati la mbele. Huko mbele ndiko lilikotokea jambo ambalo mpaka leo sijapata wa kunieleza. Asubuhi moja mwalimu aliita jina, nikaitika. Akainua uso akasema, "Nimeshakusikia, usirudie." Sikuwa nimerudia. Nyuma yangu wenzangu walikuwa wanapekua madaftari, hakuna aliyecheka, hakuna hata aliyeinua kichwa. Nilikaa siku nzima na baridi mgongoni wakati darasa zima linajipepea.

Kulikuwa na msichana wa kidato cha pili, mzaliwa wa Katumba. Aliposikia majina yangu matatu alikuja mbio wakati wa mapumziko, uso umechangamka, akanisalimia kwa Kirundi. Nilimtazama tu. Akarudia polepole. Nilipozidi kunyamaza, alishusha sauti akaniambia kwa Kiswahili, "Usijali, mdogo wangu. Wengi hapa tunaficha." Tangu siku hiyo kila Jumatatu aliniletea kiazi cha kuchoma kutoka kwao, akinihurumia kwa aibu ambayo haikuwa yangu. Nilivila viazi vyote. Wakati mwingine, nikiwa peke yangu darasani, nilijaribu kuyatamka maneno yale ya salamu, na nilishtuka kuona yanatoka mdomoni bila shida.

Kisha karani wa shule akaniita nisaini faili langu. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyotoka shule ya msingi, imejazwa kwa mwandiko safi uliolalia kushoto. Kazi ya mzazi: mkulima. Ungependa kuwa nani: mwalimu wa Hesabu. Mimi ndoto yangu ilikuwa duka la vitenge, tena nilikuwa nimeshachagua mtaa. Kwa woga wa kugundulika nilisaini nikiuiga mwandiko ule, na kesho yake maneno kwenye daftari langu yakawa yamelala kushoto. Sijaweza kuyainua tena. Nilipomaliza shule, baba alitaka kunitafutia kazi kwenye mizani. Nilijaza ualimu. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia sijui, na nilikuwa nasema kweli. Nafundisha Kiswahili na Historia, maana Hesabu ndiyo somo nililopata alama mbaya kuliko yote.

Vyeti vya kidato cha nne vilipotoka, yule mzee wa Katumba alikuja kwetu kwa baiskeli. Nyuma alikuwa amefunga tenga lenye kuku jike mweupe. Alikunywa maji aliyokaribishwa, akauliza habari za kila mtu nyumbani, kisha akasema, "Nimekuja kuchukua cheti cha binti."

"Cheti gani?" baba aliuliza.

"Cha binti yangu. Ulisema wako atamsomea. Miaka minne imekwisha. Tunashukuru sana, amesoma vizuri."

Mimi nilikuwa koridoni na kanga ya mama mkononi. Baba alicheka kwanza, akidhani ni utani. Nilielewa kabla yake. Yule mzee alikuwa ameamini kwamba nimetumwa shule kwa niaba ya binti yake, na nikimaliza, kisomo kitapelekwa kwao kama kilivyo. Wala sikumwona mjinga. Ukimpikia mtu, anakula yeye. Ukimlimia mtu, anavuna yeye. Baba yangu, ambaye alizaliwa ndani ya Kiswahili, ndiye aliyelitumia neno bila kulisikiliza.

"Mzee, Kiswahili kimekupita pembeni," baba alisema. "Nilimaanisha anachukua nafasi yake. Basi."

"Atamsomea," mzee alisema. Akalirudia mara mbili tatu, polepole, akilisikiliza kama linatoka chumba kingine. Kisha akashukuru kwa maji, akapanda baiskeli. Kuku alimwacha, akasema ni wa aliyesoma. Mama alimpika jioni ile ile, na baba akaniwekea mimi firigisi, ambayo siku zote ilikuwa yake. Niliila. Nasema wazi kwamba niliila, na ilikuwa tamu, na hilo linanichukiza kuliko mengi niliyofanya baadaye.

Mwaka jana nilipewa kidato cha kwanza niwe mwalimu wao wa darasa. Shule yetu iko pembeni ya mji, upande wa Mwamkulu, na wanafunzi wengi wanatoka vijiji vya mbali. Wiki ya kwanza kazi yangu ilikuwa kukusanya fomu na kuangalia kama zimejazwa sawasawa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia ofisini mpaka kwenye meza. Nilifika kwenye fomu moja, nikasoma sehemu ya mama mzazi, nikaona nimeandikwa mimi. Majina yote matatu, herufi kwa herufi. Chini yake, kazi ya mama: mwalimu. Mwandiko ulikuwa umelalia kushoto. Kwa muda niliamini, naapa, kwamba nimeijaza mwenyewe nikasahau. Nilikitazama kidole changu cha kati kama kina wino.

Nilimwita mwenye fomu. Akaja msichana mwembamba, sketi ya shule imeachiwa upindo mkubwa wa kukulia.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Fomu hii umejaza mwenyewe?"

"Ndiyo, madam."

"Mama yako ni mwalimu? Anafundisha wapi?"

Alinitazama kama ameulizwa swali la mtego. "Wote wanamwita Mwalimu," alisema. Kisha akaongeza, kwa upole, kama mtu anayepeleka salamu alizotumwa, "Mama alisema nitakukuta huku."

Sikumuuliza zaidi. Nilimwambia arudi darasani, na fomu yake nikaiweka chini kabisa ya zile nyingine. Siku zilizofuata alikaa dawati la tatu dirishani, hakuniangalia kwa namna yoyote ya pekee, aliandika alichotakiwa kuandika. Nilipoita majina ya darasa nikilifikia lake nalipita haraka, kwa kuwa jina lake la pili na la tatu yalikuwa ya baba yake, sawa, lakini la kwanza lilikuwa langu. La kwangu la kuzaliwa. Ni jina la kawaida, wanalo wengi Katavi. Nilijiambia hivyo mpaka nikachoka kujiambia.

Wiki ya pili ikakaa kamati ya hosteli. Hosteli yetu ya wasichana ina vitanda vichache, na vinapewa wanaotoka mbali na wasio na uwezo. Huyu binti alikuwa analala kwa jamaa wa baba yake karibu na shule, na jamaa huyo alikuwa anahama mwisho wa mwezi. Bila kitanda, shule kwake ilikuwa imekwisha, maana Katumba si mahali pa kwenda na kurudi kwa miguu kila siku. Kila mtu mezani alilijua hilo, na mimi nililijua zaidi.

Makamu mkuu wa shule akasoma fomu yake kwa sauti, akafika kwa mama, akasita. Akanitazama juu ya miwani. "Madam! Kumbe una binti hapa umetuficha?"

Meza ikacheka. Matroni akanipiga begani. Mwingine akasema mtoto wa mwalimu mwenye nyumba ya shule anaombewaje kitanda cha maskini, mbona tunataka kuchekwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, kwamba tumefanana majina. Lakini majina matatu hayafanani hivi hivi, na mtu akiuliza mama huyo alisoma wapi shule ya msingi, atasikia jina la shule lililo ndani ya faili langu mwenyewe. Nikacheka nao. Nilicheka, nikanywa maji, na makamu akapiga mstari kwenye jina la mtoto na kwenda kwa mwingine.

Mwezi wa pili ulipoingia, dawati la tatu dirishani likawa tupu. Kwenye daftari la mahudhurio asiyefika huandikiwa utoro, na mimi ndiye niliyeandika. Siku ya kwanza niliandika. Siku ya pili. Wiki ya tatu nilipoinua kalamu niliona kwamba nimejaza mstari mzima wa jina langu la kuzaliwa kwa alama za mtoro, nikafunga daftari. Jumamosi ile nilichukua pikipiki kwenda Katumba.

Sikuijua njia, ilinibidi kuuliza. Na kuuliza maana yake nilitamke jina. Nilimsimamisha mwanamke mmoja aliyebeba kuni nikamwambia namtafuta fulani binti fulani, nikajitaja mwenyewe mbele yake mchana kweupe. Dereva wa pikipiki alinijua kwa jina hilo hilo. Aligeuka akanitazama, kisha akatazama pembeni.

"Fulani?" mwanamke alifikiri. Halafu akaelewa. "Aa, Mwalimu! Yuko banini. Nyoosheni tu, nyie fuateni moshi."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya bani, anafunga majani ya tumbaku kwenye fito, na binti yake anampa majani matatu matatu. Mikono ya wote wawili ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo. Binti alinyanyuka kunisalimia. Mama yake akamwambia kitu kwa Kirundi, naye akaingia ndani.

"Karibu, wajina," alisema.

Nilikaa kwenye kuni. Alinitazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu, bila haya wala uadui.

"Umenenepa," alisema mwisho. "Mimi nilidhani nitakuwa mwembamba."



"Nilikuwa nakuja mjini kila matokeo yakitoka," aliendelea, mikono inafunga yenyewe. "Kidato cha pili nilikuja. Cha nne nilikuja. Kaka alinibeba kwenye baiskeli. Naangalia pale ubaoni, naona nimefaulu. Tunarudi. Watu wananipa hongera, wanacheka, na mimi nacheka. Wakasikia nimemaliza na chuo, wakaanza kuniita Mwalimu. Kwanza ilikuwa utani. Sasa hivi watoto hapa hawajui kama nina jina jingine." Akakaza uzi kwa meno. "Ila Hesabu uliniaibisha. Hesabu mimi nilikuwa naziweza."

"Nisamehe."

"Kila nikikumbuka zile Hesabu nakasirika. Siku ya matokeo sikula."

Nikamuuliza kuhusu jina la binti. Akasema alimpa jina hilo makusudi. Aliuliza mjini binti wa karani wa mizani alizaliwa anaitwa nani, wakamwambia, akaona si vizuri likae bure bila mtu wa kulitumia. Alisema hivyo kama anaeleza kwa nini ameokota debe lisilotoboka lililotupwa njiani.

Hapo nilimwambia nilichokuja nacho. Nilimwambia Jumatatu nitakwenda kusema kwa mkuu wa shule, kwa afisa elimu, popote. Wanifukuze, wanifunge, wafanye watakalo. Jina lake litarudi kwake, na mtoto atapata kitanda kama mtoto wa mkulima. Nilikuwa nalia. Nilikuwa nalia kwa uchungu na pia kwa raha, maana nilishaona mzigo unashuka.

Aliacha kufunga.

"Ukisema, vile vyeti watavifanyaje?"

"Watavifuta."

"Halafu?"

"Halafu jina linabaki lako."

"Linabaki langu, limefutwa." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza niliona hasira. "Wajina, sikiliza. Miaka yote nimekaa hapa nachochea kuni, nilikuwa najua kuna mahali mimi nimesoma. Nimekaa darasani, nimevaa viatu, naitwa naitika. Nyie mkifuta, nitakuwa sijasoma hata huko. Nitabaki na nini? Usinifelishe."

Nilijaribu kusema kitu kuhusu haki. Alinyanyua mkono wake mweusi, nikanyamaza.

"Baba yangu alikufa anasema cheti kipo njiani," alisema. "Mimi nilishajua hakiji, sikuwa mtoto. Lakini huyu wa ndani sitaki asomewe na mtu. Nataka asome mwenyewe, na Hesabu asome mwenyewe. Kwenye karatasi zenu si mtoto wa mwalimu? Mwalimu hana nyumba? Basi akae kwa mama yake."

Nilimwambia sawa. Nilichokuja kurudisha kilikataliwa, na juu yake nikaongezewa mtoto, na niliporudi kwenye pikipiki nilijiona mwepesi kwa namna mbaya, kama mtu aliyetoka kwenye jeneza na kulikuta lina mtu mwingine.

Jumapili iliyofuata, mchana, mama na binti walikuja. Godoro limefungwa kwa kamba, tranka dogo la bati, mfuko wa viazi vitamu. Mama alikuwa amesugua mikono kwa mchanga mpaka imebabuka, lakini weusi haukutoka kwenye kucha. Alipita chumba hadi chumba, akafungua bomba la maji akalifunga, akakaa kwenye kiti changu cha kusahihishia madaftari. Alipapasa meza kwa kiganja, upande ule ninaoweka mkono.

Tukatoka barazani. Matroni alikuwa anapita njia ya nyuma ya nyumba za walimu, akapunga mkono. "Madam, leo una wageni!"

"Mpe shikamoo," mama alimwambia binti yake haraka, kisha akashusha sauti. "Tukubaliane sasa hivi. Hapa mama yako ni huyu. Usimwite madam ukiwa nyumbani, watashangaa. Mimi nikija kukuona, mimi ni mama mdogo."

Binti alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Nilingoja alie. Alikuwa mtoto wa kufikiri, anakunja paji la uso kabla ya kuuliza.

"Na wakiniuliza mama mdogo anaitwa nani, niseme nani?"

Hatukuwa tumelifikiria hilo, sisi watu wazima wawili. Mama aligeuka kunitazama, na uso wake ulikuwa mtupu kabisa, uso wa mtu aliyetia mkono mfukoni njiani na kukuta hakuna kitu. Nikasikia ninamtajia langu la kuzaliwa.

"Wewe na mama mdogo mnafanana majina," nilimwambia binti. "Alikurithisha yeye."

Mama alilitamka kwa sauti ya chini, mara moja, akalisikiliza. "Ndilo lililofeli?" aliniuliza.

"Ndilo."

Akatikisa kichwa kukubali. "Sawa," alisema, "basi ndilo langu." Akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya kwenda barabarani, na mimi nikabaki nimesimama mpaka binti aliponiita kutoka ndani.

"Mama," alisema, "godoro niliweke wapi?"